Maziwa ya Asiyekuwepo

Juzi niliacha maziwa yakafurika jikoni. Nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi na macho kwenye simu, na nilipogeuka yalikuwa yamekwisha kupanda, yamemwagika na yanaungulia kwenye jiko. Binti yangu alikimbia kufungua madirisha huku akinisimanga kwamba mtu mzima na akili zake anashindwa kulinda sufuria moja. Nilivuta kigoda nikakaa, nikaivuta ile harufu mpaka ikaisha, kwa sababu ilikuwa imenirudisha darasa la tano.

Kama ulisoma shule ya msingi nchi hii miaka ya themanini, huhitaji kuelezwa. Yale maziwa ya Nyayo, ya bure ya serikali kwa watoto wa shule, yalikuwa na harufu hiyohiyo, ya kitu kilichochemshwa hadi kikakaribia kuungua, na utamu wa mbali ambao sijaupata tena katika maziwa yoyote. Yalikuja kwa lori, ndani ya pakiti ndogo za karatasi ngumu zenye pembe. Uling'oa pembe moja kwa meno, ukafyonza, na ukimaliza ukaipuliza pakiti ikajaa hewa, ukailaza chini na kuikanyaga kwa kisigino ipasuke. Siku ya maziwa, shule yetu pale ukingoni mwa mtaa wa Huruma, Nairobi, ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, na walimu waliziba masikio wakasubiri tumalize ujinga wetu.

Darasa letu lilikuwa kubwa, na lilikuwa baya. Nasema hivyo bila chuki, maana nililipenda baadaye. Mwalimu tuliyekuwa naye kabla alitulea kwa kuchongeana. Monita aliandika majina ya wapiga kelele kwenye pembe ya ubao, na ukitaka jina lako lifutwe ulimpelekea jina la mwenzako. Walioshika mkia kwenye mtihani walikaa nyuma karibu na mlango, kwenye upepo, na wa mbele walikatazwa kuwaazima hata kifutio. Kwa hiyo tulijuana kwa alama na kwa makosa, basi. Mtoto asipokuja shule, jambo moja tu lilitushughulisha: nani atakunywa maziwa yake? Aliyeyanywa kwa kawaida alikuwa Kilonzo, kijana mnene mwenye kifua cha baunsa na mdomo usiofungika, ambaye alikuwa akitangaza mapema, "Hiyo maziwa ya Amosi ni yangu, wasee. Asiye na wivu ajinyonge." Alikuwa akikosea methali kwa makusudi ili tucheke, na tulicheka.

Ndipo akaja Mwalimu Rispa. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mwanya na sauti ya kwaya, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kando kwa uzi wa buluu. Siku zake za kwanza Amosi alikuwa hajaonekana karibu wiki nzima. Mwalimu aliuliza yuko wapi. Akamuuliza jirani yake wa dawati. Jirani akainua mabega. Akauliza kwao ni wapi, darasa zima likatazamana. Mwalimu Rispa aliweka chaki mezani.

"Mnakaa na mtu tangu darasa la kwanza," alisema polepole, "na hamjui kwao?"

Alitusimulia kwamba kijijini kwao mtu asipoonekana kisimani asubuhi, jirani huacha mtungi wake hapohapo akaenda kumwangalia. Sisi tuliokunywa maji ya bomba tulidhani ni hadithi za ushamba. Lakini jioni ile alitafuta kwa kina Amosi yeye mwenyewe, akamkuta amelala na mguu ulioungua kwa uji. Kesho yake akaja na karatasi ya manila, akaibandika juu ya ubao. Ilikuwa na maneno manne kwa wino mwekundu: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tangu siku hiyo maziwa ya asiyekuwepo hayakunyweka. Wawili walichaguliwa kumpelekea nyumbani, na siku isiyo ya maziwa walikwenda mikono mitupu. Sharti lilikuwa kufika, kubisha hodi, kuingia ndani, kumwona kwa macho na kumsalimia mkubwa wa nyumba. Asubuhi ya pili wale wawili walisimama mbele ya darasa wakasema neno moja, "Tumemwona." Kisha walieleza anaumwa nini na anahitaji nini, nasi tukatoa tulichokuwa nacho, hata kama ni chungwa au salamu tu. Kosa kubwa kuliko yote katika darasa la Mwalimu Rispa lilikuwa kurudi na kusema hukufika.

Utacheka, lakini ile desturi ilitugeuza. Tuliona vyumba vya wenzetu na mapazia yaliyogawanya kitanda na jiko. Tulijua mama wa nani anapika mandazi ya kuuza na baba wa nani anafanya zamu ya usiku kiwandani na asiamshwe. Wa mbele walijua kwa nini wa nyuma hawafanyi kazi za nyumbani: taa ilikuwa moja, na mafuta yalikuwa ya kupikia kwanza. Kuchongeana kukafa bila kukatazwa, maana ni vigumu kumchongea mtu ambaye dada yake amekupa viazi. Hata Kilonzo, aliyekuwa akinywa ya wote, alipata tetekuwanga akaletewa ya kwake, na mama yake alisema alilala ameikumbatia pakiti ile bila kuifungua. Alikanusha mpaka tukamaliza la saba.

Kwetu walikuja nilipougua matumbwitumbwi. Tulikaa chumba kimoja, na saa hiyo baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori la saruji, alikuwa ndani ya fulana ya kulalia, miguu kwenye karai, nyusi bado nyeupe kwa vumbi. "Hodi!" ikasikika, na kabla baba hajatoa mguu hata mmoja majini, wageni walikuwa ndani. Tulikuwa tumezoea hivyo. Hodi yetu ilitoka mdomoni pamoja na mguu wa kwanza mlangoni, kwa kuwa Mwalimu alisema ingieni, na sisi tulimtii. Baba alitamani karai limmeze. Mmoja wa wale wawili alikuwa Nafula, mwenzangu wa dawati, na ndiye ninayetaka kukueleza habari zake.

Nafula alikuwa msichana mwembamba, mrefu kidogo kutuzidi, mwenye sweta ya shule iliyotiwa viraka kwa ustadi mpaka viraka vikaonekana mapambo. Kwenye habari ya maziwa hakuwa na mpinzani. Mwalimu akiuliza nani ataenda, mkono wake ulikuwa juu tayari. Alijua njia zote za Huruma na alijua kukaa na wakubwa. Siku ile alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akamgeuzia baba mgongo ili amalize kuosha miguu kwa heshima yake, akaisifu chai ya mama yangu, akanichekesha wakati taya zangu hazikutaka kucheka. Mama akamuuliza, "Na nyinyi mnakaa wapi, mama?" Nafula akaonyesha kwa kidevu, "Hapo tu, magorofa ya kijani, karibu na posho mili, pale pa kusaga unga." Akaaga. Mama aliusindikiza mgongo wake kwa macho, akasema, "Mtoto huyu ana adabu ya mtu aliyezoea kunyamaza."

Mimi sikuona ajabu yoyote. Leo naiona yote. Nafula aliingia nyumba zetu zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kwao. Hakukosa shule. Jua, mvua au baridi, yeye alikuwa mlangoni kabla ya kengele. Mwalimu Rispa alikuwa akimtaja kama mfano, "Igeni bidii ya Nafula," nasi tulipiga makofi. Kumbe msichana yule alikuwa akilinda mlango. Siku ambayo hangekuja shule, wawili wetu wangetumwa, na jambo aliloliogopa kuliko kifo ni sisi kuona kwao.

Mwezi wa saba Nairobi ina baridi ya kimyakimya. Mawingu hukaa juu ya mabati wiki nzima, nguo hazikauki, na madirisha ya darasa letu hayakuwa na vioo. Nafula alianza kukohoa. Kwanza kikohozi kidogo, cha kuomba radhi, mkono mdomoni. Baadaye kikawa kizito, na kila akikohoa alishika ubavu. Tulikaa mkono kwa mkono kwenye dawati lile, na niliuhisi mkono wake ukichoma kupitia sweta mbili, yake na yangu. Nikamwambia, "Nafu, si ubaki kwenu kesho? Tutakuletea maziwa." Nilisema kwa wema wote wa moyo wangu. Aliniangalia kana kwamba nimemtishia.

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Ni baridi tu, manze."

Mwalimu Rispa naye aliona. Alimvika leso yake mabegani, akampeleka kwenye kona isiyo na upepo, akamnunulia vidonge. Akamwambia mbele yetu sote, "Kesho lala, mama. Darasa litakuja kukuona." Kesho yake Nafula alikuwa wa kwanza kufika, uso umeoshwa, nywele zimechanwa kwa maji, akitabasamu kwa midomo iliyokauka. Mwalimu alitaka kumrudisha nyumbani saa hiyohiyo na wawili wa kumsindikiza. Nafula akasema mama yuko kazini hospitalini na mlango una kufuli, atakaa nje kwenye baridi bure. Aliusema uongo ule bila kupepesa. Mwalimu akakubali abaki, akamlaza kwenye dawati la nyuma juu ya masweta yetu. Tulisoma jiografia ya mito mikubwa huku tukisikiliza pumzi zake. Wengine tulimwonea fahari, kwamba anaipenda shule kiasi kile.

Siku ilipofika ambayo dawati langu lilikuwa na mtu mmoja, nilijua kabla Mwalimu hajaita majina. Ilikuwa siku ya maziwa. Mwalimu Rispa aliichukua pakiti, akanipa mimi kwa kuwa nilikaa naye, akamtoa Kilonzo pia kwa kuwa alijua kuvuka barabara. Alitutoa kabla ya kengele ya mwisho, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

Magorofa ya kijani tuliyafahamu. Tulipanda ngazi, tukabisha kila mlango, na kila mlango ukatuambia hamna Nafula hapa. Mlinzi akatufukuza. Tulikaribia kurudi na kutenda kosa kubwa kuliko yote, la kutofika. Ndipo muuza sukuma pale chini, aliyekuwa akizikata mboga kwa kisu bila kuangalia, akauliza, "Mnatafuta Nafula gani? Huyu wa kukohoa? Wa Mama Pima?" Akaonyesha kwa kisu njia ya kuteremka mtoni.

Kilonzo alisimama. Yeyote aliyekulia Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji, alijua Mama Pima ni nani. Kulikuwa na mmoja kila mtaa. Alikuwa mama wa kuuza chang'aa, pombe ya haramu, anayeipima kwa kikopo, mama ambaye polisi humvunjia mlango na wake za walevi humlaani kanisani. Watoto tulikuwa na wimbo wa kumtania, na Nafula alikuwa akiuimba pamoja nasi. Kilonzo aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona mzaha usoni pake.

"Turudi?" akauliza.

"Tutasema nini kesho?"

Tukateremka.

Nyumba ilikuwa ya mabati yaliyotoboka, imeegemea nyingine, na mtaro ukipita mbele ya mlango. Harufu ilitufikia mwanzo, chungu, ya kuchoma macho. Ndani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mchana ule, makopo mikononi, wengine wamelala wameketi. Kilonzo alisema "Hodi!" na mazoea yakatusukuma. Tulikuwa tumefika katikati ya chumba kabla mtu hajafungua kinywa. Mzee mmoja akatuinulia kopo, "Karibuni wateja," wengine wakacheka. Nyuma ya mapipa alitoka mwanamke mwembamba mwenye uso wa Nafula, ila umezeeka. Aliziona sare zetu, akaiona pakiti ya maziwa mkononi mwangu, na mikono yake ikaanza kujipangusa kwenye leso, ikajipangusa na kujipangusa ingawa haikuwa na kitu.

"Ninyi ni wa shule," alisema. Kisha, kwa haraka, akawageukia wanaume, "Tokeni. Tokeni nje, jamani, kuna wageni wa mtoto." Wengine walitoka. Mmoja alikataa.

Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la magunia ya unga. Mimi ndiye niliyelivuta, kwa kuwa sharti lilikuwa kumwona kwa macho. Nafula alikuwa amelala ubavu, amevaa sare. Amevaa sare yote, sweta, soksi, kiatu kimoja. Kiatu cha pili kilikuwa sakafuni pale kilipomshinda. Pumzi zake zilikuwa fupi, na puani ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka. Alifungua macho akatuona. Hakushtuka. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama pazia lililo mkononi mwangu, akageuza uso akauelekeza ukutani.

"Mmeshafika," alisema. "Msiwaambie."

Kilonzo akajikaza kama mwanaume. "Hatujaona kitu, Nafu. Sisi tumeleta maziwa tu."

Nafula hakugeuka tena. Niliiweka pakiti karibu na mto. Mama yake alisimama nyuma yetu, akaeleza kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya askari: alimwambia mtoto abaki, alimwambia mara nyingi, alimfungia hata mlango, mtoto akapitia dirishani. "Nilidhani ni kupenda masomo," alisema.

Tulikimbia kumwambia Mwalimu kwamba Nafula hapumui vizuri. Hatukusema lingine. Mwalimu Rispa aliacha madaftari yake yametapakaa mezani, akateremka mtoni na vile viatu vya uzi wa buluu, na kabla ya giza walikuwa wamembeba Nafula, yeye na mama yake na yule mlevi aliyekataa kutoka, hadi barabarani na kisha hospitalini. Haya nilisimuliwa na mama yangu, aliyewaona wakipita. Alisema Mwalimu alikuwa ameshika miguu, na mguu mmoja ulikuwa na soksi tu.

Asubuhi iliyofuata tulisimama mbele ya darasa, Kilonzo na mimi. Mwalimu alikuwa bado hospitalini, monita ndiye aliyetusimamisha. Wote walikuwa wakitungoja. Ilikuwa nyumba ya mwisho, unaelewa, nyumba pekee ambayo darasa halijaiona, na walikuwa na hamu nayo ya miezi. Kilonzo alisema, "Tumemwona."

"Anaumwa nini?"

"Kifua."

"Nyumba yao iko aje? Ni gorofa ya ngapi?"

Hapo ndipo yule Kilonzo wa zamani angepata kazi. Angeigiza mlevi na kopo lake, angeigiza Mama Pima, tungecheka mpaka Jumamosi, na hadithi ingemfuata Nafula mpaka uzeeni. Alikunja ngumi zake pembeni ya kaptura.

"Kwao ni kwao," akasema, akarudi kukaa. Hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Mara nyingi nimefikiri kwamba siku ile ndiyo darasa letu lilikamilika kuwa darasa. Walimu wanalitafuta jambo hilo kwa nyimbo na michezo na mabango ukutani, na sisi tulilipata kwenye mdomo wa mtoto mpiga kelele, aliyeamua kunyamaza. Ila tulikuwa tumelipata tumechelewa. Jumatatu Mwalimu Rispa aliingia na leso yake, ile aliyomvika Nafula, imekunjwa mkononi. Alikwenda akasimama kando ya dawati langu, upande uliokuwa wazi, akaweka leso pale. Tulianza kulia kabla hajasema.

Tulikwenda msibani darasa zima, tukiwa na sare, tumeshikana mikono wawili wawili. Mama yake Nafula alikuwa ameimwaga chang'aa yote mtaroni, na yale mabenchi ya walevi alikuwa ameyasugua kwa sabuni hadi mbao zikawa nyeupe, akayapanga nje ili sisi tukalie. Wanawake wa kanisani, waliokuwa hawamsalimii, walipika chai. Mmoja wao alitikisa kichwa akasema ile methali ambayo husemwa kila mtu akifa kwa ugonjwa wa kujikaza, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Nilikuwa mtoto, na mtoto hajibu wakubwa, lakini hasira iliyonipanda siku ile haijanishuka mpaka leo ninapoandika. Nafula hakuficha maradhi. Aliyaleta darasani kila siku, akayakohoa mbele ya macho yetu sote. Alichoficha ni nyumba.

Mwalimu Rispa alikwenda kumpa mama mkono. Mama Nafula aliushika mkono ule akakaa nao. Alisema, na nilikuwa karibu nikasikia, "Asante kwa kumpenda mtoto wangu. Kila nikimwambia alale alikuwa ananijibu, mama, nikilala wataniletea maziwa."

Mwalimu akajaribu kutabasamu. "Aliyapenda?"

"Hapana, Mwalimu," yule mama akasema kwa upole kabisa. "Alikuwa anaogopa."

Hakuwa na nia ya kumchoma mtu, alikuwa akieleza tu jinsi mambo yalivyokuwa. Nilimwona Mwalimu Rispa akiyapokea maneno yale. Uso wake haukubadilika, ila alitafuta benchi kwa mkono wa nyuma, kama kipofu, na akakaa.

Tuliporudi shule, ile manila yenye maandishi mekundu haikuwepo juu ya ubao. Yalibaki madoa ya gundi kwenye pembe. Wakati wa maziwa, aliposema nani ataenda kwa kina nani, hakuna mkono ulioinuka. Tuliogopa wema wetu wenyewe. Mwalimu alichukua pakiti ya mtoto mwingine aliyekuwa na homa, kisha akatufundisha upya, na somo lile lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kutufundisha. Mtafika mlangoni. Mtasema hodi. Mtanyamaza. Ukiitikiwa karibu, ingia. Usipoitikiwa, weka maziwa kizingitini, rudi, na kesho useme tumefika, inatosha.

"Na kama ni mgonjwa sana ndani, Ticha?" Kilonzo aliuliza. "Kama hawezi kusema karibu?"

Mwalimu Rispa aliweka pakiti mezani. Akageukia ubao akaanza kufuta mahali palipokuwa pasafi.

Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Mwalimu alitukuta kundi la watoto waliokulana, akatufanya ndugu, na mpaka leo tuliosoma pale tunazikana na kuozana. Lakini swali la Kilonzo nimeishi nalo. Kama tungeingia kwa kina Nafula siku mbili mapema, bila kujali anataka au hataki, huenda angefika hospitalini mapema akapona. Na kama tusingekuwa na mazoea ya kuingia, angelala kitandani siku ya kwanza ya kikohozi, chini ya blanketi, mama yake akimpa uji, na huenda angepona vilevile. Nimezipima njia hizi mbili miaka yote hii, na sijaweza kujua ni ipi ingemwacha hai.

Nilichoelewa ni kidogo. Nilielewa ukubwani kwamba tulipokuwa tukipaza hodi kwa kina Amosi, kwa Kilonzo, kwa baba yangu na miguu yake kwenye karai, tulikuwa tunaomba ruhusa na kujipa wenyewe kwa pumzi moja. Tulipeleka upendo, lakini tuliupeleka kama askari wanavyopeleka msako. Watoto wengi waliumeza ule msako kwa sababu nyumba zao ziliweza kutazamwa. Mmoja hakuweza, na akatembea na homa yake hadi ikamwangusha, kiatu kimoja mguuni.

Jioni ile ya juzi, baada ya kusafisha jiko, nilichemsha maziwa mengine. Kuna jirani yangu wa ghorofa ya juu ambaye hajaonekana siku kadhaa, na pazia la dirisha lake halifunguki. Nilitia maziwa kwenye chupa, nikapanda. Nikasema hodi, nikanyamaza. Nikasikia mtu akikohoa ndani, kikohozi kidogo, cha kuomba radhi. Karibu haikuja. Niliweka chupa kizingitini kama nilivyofundishwa, nikageuka, nikashuka ngazi mbili, na miguu ikagoma. Nilirudi nikakaa chini, mgongo kwenye mlango wake.

"Siingii," nilimwambia kupitia mbao. "Lakini niko hapa."